Majina Kumi ya Ukurasa wa Nyuma

Mwaka 2009, Benki ya CRDB ilipouza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 kila moja, mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Morogoro alitoa akiba yake ya shilingi 300,000 akanunua hisa 2,000. Leo amestaafu. Nilipokwenda kumjulia hali, chai haijamiminwa alikwisha kuleta bahasha ya kaki: stakabadhi ya hisa, barua za gawio zilizokunjwa mara nne, na kitabu kinene cha taarifa ya mwaka ya benki. Alikifungua karibu na mwisho, kwenye jedwali dogo lenye majina kumi.

"Mwanangu," akasema, "faida nimeiona na gawio nimelipokea. Lakini hawa walioandikwa hapa ndio wenye benki. Ni akina nani? Na wakiondoka, mimi nabaki na nani?"

Nimekaa na wanunuzi wa hisa miaka mingi. Wengi huuliza bei itapanda lini. Mwalimu aliuliza jambo lililo chini ya bei, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Jedwali lile hutaja wanahisa wakubwa kumi, idadi ya hisa zao na asilimia. Kurasa chache kabla yake huandikwa hisa za wakurugenzi. Kwa hiyo kuna makundi mawili ya kutazama. Kundi la kwanza ni taasisi: mifuko ya pensheni, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, serikali, mashirika ya maendeleo ya nje. La pili ni watu wa ndani: wajumbe wa bodi, mtendaji mkuu, mkuu wa fedha, wale wanaoziona hesabu kabla hazijatoka gazetini.

Katika kiwanda cha sukari, kujua mwenye hisa ni jambo zuri. Katika benki ni jambo la lazima, kwa sababu fedha nyingi zilizomo si za wenye hisa. Chukua mfano wa benki yenye mali ya shilingi 100. Shilingi 85 zimetoka kwa wenye amana na wakopeshaji wengine, na 15 tu ndizo mtaji wa wanahisa. Mwenye asilimia 20 ya hisa ameweka shilingi tatu, lakini sauti yake inafika kwenye shilingi zote 100: nani akopeshwe, nani awe mtendaji mkuu, hatari gani ibebwe. Ndiyo maana Sheria ya Mabenki ya Kenya haimruhusu mtu kushika zaidi ya asilimia 25 ya hisa za benki, isipokuwa wachache waliotajwa, kama vile serikali na benki nyingine.

Turudi kwa Mwalimu. Juu kabisa ya jedwali la CRDB kuna mfuko wa uwekezaji wa DANIDA, yaani fedha za Denmark, uliokuwamo tangu benki ilipozaliwa upya kama benki binafsi mwaka 1996 na ambao umeshika zaidi ya asilimia 20 kwa miaka mingi. Chini yake upo PSSSF, mfuko wa pensheni uliozaliwa mwaka 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa, ukiwa na zaidi ya asilimia 10. Nilipomsomea jina hilo la pili alinyamaza kidogo, kisha akafungua droo na kutoa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari.

"Si ndio wanaonilipa pensheni?"

Ndio hao. Makato ya mshahara wake wa ualimu yaliingia PSPF, na mfuko ulioirithi PSPF una hisa za benki ileile aliyoinunua yeye. Anamiliki benki hiyo mara mbili: mara moja kwa hisa 2,000 zenye jina lake, na mara ya pili ndani ya mfuko, bila jina. Katika umiliki wa kwanza ana kura yake mwenyewe. Katika wa pili kura inapigwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Akalizungushia jina la mfuko duara jekundu.

Watu husema benki ikiwa na taasisi nyingi ni dalili ya usalama. Ni kweli kwa sehemu. Taasisi ina wachambuzi, inasoma hesabu kwa makini, na inaweza kumwita mwenyekiti wa bodi akaja. Ina jambo jingine ambalo mnunuzi mdogo hana: fedha za kuongeza benki inapozihitaji. Mwaka 2015 CRDB iliwapa wanahisa wake haki ya kununua hisa mpya, moja kwa kila tano walizonazo, kwa shilingi 350. Mwalimu alikuwa na haki ya hisa 400, yaani shilingi 140,000. Mwaka ule alikuwa na mtoto chuoni, kwa hiyo haki hiyo hakuitumia. Hisa zake zilibaki 2,000 zilezile, lakini hisa zote za benki zikapanda kutoka kama bilioni 2.18 hadi bilioni 2.61. Kabla ya hapo, katika kila hisa milioni 100 za benki, zake zilikuwa 92. Baada ya hapo zikawa 77. Hakuna aliyemwibia, na shilingi alizochangia wengine ziliingia benki na kuikuza. Lakini kila benki inapopanuka namna hii, sehemu ya mwenye mfuko mwembamba inazidi kuwa nyembamba, na wakubwa wanabaki na ukubwa wao.

Asilimia pia ina hesabu yake ya mamlaka. Mfano mzuri ni NMB, benki iliyotoka tumboni mwa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1997 na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila hisa. Hisa zake ni milioni 500. Mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Sehemu ya Rabobank, asilimia 34.9, baadaye ikahamia Arise, kampuni iliyoundwa na Rabobank pamoja na FMO ya Uholanzi na Norfund ya Norway. Serikali ilibaki na karibu asilimia 31.8. Azimio la kawaida mkutanoni hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Azimio maalumu, kama kubadili katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu. Kwa hiyo hapa hakuna mkubwa anayefika nusu ya hisa peke yake, lakini kila mmoja anaweza kulizuia azimio maalumu, kwa kuwa ana zaidi ya robo. Wakikubaliana wana asilimia 66.7, zinazotosha kwa mambo ya kawaida. Kwa mambo mazito bado wanawahitaji wadogo, iwapo wadogo wote watahudhuria. Ni mara chache wanahudhuria, na asiyehudhuria amegawa nguvu yake kwa waliokuja.

Linganisha na Benki ya Ushirika ya Kenya, ambako Co-op Holdings, chombo cha vyama vya ushirika, kina karibu asilimia 65. Pale azimio la kawaida limekwisha kupita kabla mkutano haujafunguliwa. Silaumu mpangilio huo, maana vyama hivyo ndivyo vilivyoijenga benki. Ninachosema ni kwamba anayenunua hisa pale asinunue akidhani ananunua usukani.

Baada ya kujua nani ana kiasi gani, linafuata swali ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote: fedha hizi zina ruhusa ya kukaa hadi lini? Equity ya Kenya ilianza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi wa nyumba na kuingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006. Mara tu baadaye kampuni ya uwekezaji ya Helios ilinunua karibu robo ya hisa, ikiishia chini kidogo ya ile asilimia 25 ya sheria. Mfuko wa aina ya Helios hukusanya fedha kwa muda maalumu na lazima uzirudishe kwa waliozitoa. Kuondoka kwake kumeandikwa tangu siku ya kuingia. Na kweli, kati ya 2014 na 2015 iliuza zote, ikiwa imepata faida nono. Nakumbuka simu za wateja waliojawa na hofu: mkubwa anatoka, kuna nini? Hapakuwa na lolote baya ndani ya benki, saa tu ilikuwa imefika. Karibu nusu ilichukuliwa na wawekezaji wa Norway, na baadaye ikahamia Arise, ileile ya NMB. Angalia basi: mwenye hisa mmoja akawa katika NMB ya Tanzania na katika Kundi la Equity, ambalo nalo lina benki yake Dar es Salaam inayoshindana na NMB. Sheria haikuvunjwa, ila mwanahisa wa benki mojawapo anapaswa kulijua.

Mfuko wa pensheni saa yake ni ndefu, kwa sababu wastaafu wake watalipwa kwa miongo. Serikali saa yake hutegemea bajeti na siasa. Shirika la maendeleo la nje hutegemea wabunge wa nchi ya mbali. Iko pia aina ya nne, mifuko inayofuata faharasa ya soko, yaani orodha ya kampuni inayopima soko, na hii imetawala Marekani. Vanguard na BlackRock hushika hisa za karibu kila benki kubwa ya kule, nyingi kwa sababu tu benki hiyo imo katika faharasa. Benki ya Silicon Valley ya California ilikuwa ndani ya faharasa ya S&P 500, na karibu hisa zake zote zilikuwa mikononi mwa taasisi za kila namna. Tarehe 8 Machi 2023 ilitangaza hasara ya dola bilioni 1.8 kwa kuuza hatifungani zilizoshuka thamani baada ya riba kupanda. Kesho yake wateja walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Tarehe 10 ilifungwa. Taasisi zile zote, na wachambuzi wao wote, hawakuzuia anguko hilo. Wingi wa macho hauna maana kama wengi hawakuajiriwa kutazama benki moja.

Kisa hichohicho kinatuingiza kwa watu wa ndani. Tarehe 27 Februari 2023, siku 11 kabla ya kufungwa, mtendaji mkuu wake, Greg Becker, aliuza hisa 12,451 kwa takriban dola milioni 3.6. Mauzo yalifanyika chini ya mpango aliouandikisha Januari 26, na kanuni za wakati ule ziliruhusu. Kanuni mpya, zinazomtaka kiongozi asubiri angalau siku 90 baada ya kuandika mpango kabla ya kuuza, zilianza kutumika siku hiyohiyo ya Februari 27. Mtu wa ndani anaweza kuuza kwa sababu mia: ada za shule, nyumba, talaka. Anaponunua kwa fedha zake mwenyewe, sababu huwa moja tu. Ndiyo maana nayapa manunuzi yake uzito kuliko mauzo.

Na nampa uzito zaidi anayeumia pamoja nasi. Mei 2020, corona ikiwa imeanza, bodi ya Equity iliondoa pendekezo lake la gawio la shilingi za Kenya bilioni 9.5 ili benki ibaki na fedha mkononi. James Mwangi, mtendaji mkuu, alikuwa na zaidi ya asilimia 3 ya hisa. Piga hesabu: uamuzi huo ulimnyima yeye binafsi zaidi ya shilingi milioni 280. Wastaafu wenye hisa mia mbili walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini aliyekuwa mezani alikosa mgawo uleule, kwa kipimo kilekile cha kila hisa. Kiongozi asiye na hisa hata moja angeweza kuamua vivyo hivyo bila kupoteza senti.

Lakini hisa za mtu wa ndani zikizidi, ubaya hugeukia upande mwingine. Kenya ilionja hayo mara mbili ndani ya miezi sita: Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na Chase Aprili 2016. Imperial ilikuwa ya familia chache, na udanganyifu wa miaka ulifichuka baada ya kifo cha mkurugenzi mkuu. Chase ilianguka baada ya hesabu zilizorekebishwa kuonyesha mikopo ya watu wa ndani iliyokuwa mikubwa kuliko iliyotangazwa mwanzo. Kwa hiyo usiishie kwenye jedwali la hisa. Tafuta maelezo ya hesabu yenye kichwa cha miamala na watu wenye uhusiano na benki, uone wakurugenzi wamekopa kiasi gani. Mtu anayeweka shilingi tatu kwa mkono wa kulia na kukopa kumi kwa mkono wa kushoto, mali yake katika benki hiyo si hisa.

Mwalimu alisikiliza yote haya kwa subira ya mtu aliyezoea watoto wanaojieleza kwa kirefu. Kisha akaniomba taarifa ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nayo kwenye simu. Aliweka majedwali mawili bega kwa bega, akashuka jina kwa jina, akiandika pembeni alama ya kujumlisha kwa aliyeongeza na ya kutoa kwa aliyepunguza. Ilimchukua kama dakika kumi. Nilitamani wateja wangu wa zamani wangemwona.

Mkutano mkuu wa CRDB huwa Arusha, na nauli ya kutoka Morogoro si ndogo, lakini siku hizi mwanahisa anaweza kuhudhuria kwa mtandao. Alichana karatasi katikati ya daftari akaandika swali lake kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Halikuwa swali kwa benki. Lilikuwa kwa mwakilishi wa mfuko wake wa pensheni, atakayekuwa ameketi humohumo ukumbini: katika mkutano uliopita ulipigaje kura kwa fedha zangu, na ni nani aliyekutuma?