Kabla Useme 'Redio Imesema', Uliza Redio ni ya Nani

Fanya jaribio dogo leo jioni. Ikifika saa moja, wakati wa taarifa ya Kiswahili, usikae na stesheni moja. Zungusha. Anza na hii, ruka kwa ile, malizia na ya tatu. Mkutano uleule wa siasa unaweza kuuona umefurika watu kwa stesheni moja, kwa nyingine kamera imeng'ang'ania viti vitupu, na kwa ya tatu ni kama haukufanyika.

Usidhani ni bahati mbaya. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mimi ni wa Jilore, huku Malindi, ukishika barabara ya kwenda lango la Sala kuingia Tsavo. Kwetu redio haizimwi. Utaisikia kwa kinyozi, kwa bodaboda, na shambani imening'inizwa kwa tawi la mwembe. Mabishano ya steji yakikolea, kuna maneno mawili yanayofunga kesi: "Redio imesema." Hapo hata mzee aliyekuwa amepandisha sauti anatulia. Sasa jaribu kuuliza hiyo redio ni ya nani. Utaangaliwa kama mtu aliyeuliza mvua ni ya nani.

Lakini redio ina mwenyewe. Na mara nyingi mwenyewe ana chama, au ana marafiki ndani ya chama.

Wenyewe ni hawa

Turudi mwaka 2022, maana hapo mambo yalikuwa peupe. Royal Media Services, yenye Citizen TV, Radio Citizen na Bahari FM ya huku kwetu Pwani, ni ya bwanyenye S.K. Macharia. Yeye hakujificha: alisimama na marehemu Raila Odinga wa Azimio. Mediamax, yenye K24, Kameme FM, Milele FM na gazeti la People Daily, imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Kenyatta, na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, alikuwa Azimio. Standard Group, wenye KTN na Radio Maisha, wamehusishwa na familia ya Moi tangu miaka ya tisini. Gideon Moi alikuwa mwenyekiti wa KANU, na KANU ilikuwa wapi? Azimio.

Kambi ya William Ruto ililalamika hadharani kwamba vyombo vya habari vinaibagua. Halafu Ruto akatangazwa mshindi.

Kwa hivyo nisikudanganye kwamba bwanyenye akiwa na stesheni basi kura yako iko mfukoni mwake. Wakenya si kondoo. Hasara ilikuwa kwingine. Unakumbuka siku zile baada ya kupiga kura, tumekodolea macho runinga? Fomu 34A zilikuwa kwenye tovuti ya IEBC, kila mtu anaziona. Lakini stesheni zikaanza kutoa hesabu zisizolingana, kisha hesabu zikapunguza mwendo na nyingine zikakatika. Hapo ndipo mtu anauliza: hawa wamechoka kujumlisha, au kuna mtu amepiga simu? Labda hakuna aliyepiga simu yoyote. Lakini ukijua mwenye stesheni alikuwa na mgombea wake, huwezi kuliondoa hilo swali kichwani. Imani ikishavunjika hivyo, uvumi wa WhatsApp unaingia kukaa mahali pake.

Chama kilipokuwa na gazeti lake

Hii si hadithi mpya. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, ila wazazi wanaikumbuka Kenya Times. Mwaka 1983 KANU, wakati huo chama cha pekee kisheria, ilichukua gazeti la Nairobi Times kutoka kwa Hilary Ng'weno na kuligeuza kuwa Kenya Times, sauti ya chama. Baadaye ikaingia ubia na Robert Maxwell, tajiri wa Uingereza aliyemiliki Daily Mirror na aliyewahi kuwa mbunge wa chama cha Labour.

Mwaka 1989 wakaja na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Gazeti, ofisi za chama, vyote chini ya paa moja, na sanamu ya Rais Moi nje. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kuuliza maswali na akaenda mahakamani. Wabunge wakamkejeli, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa kwenye ofisi lililokuwa nazo. Lakini wakopeshaji wakaingiwa na baridi, na jumba likabaki kwenye karatasi. Leo ukienda Uhuru Park unakanyaga nyasi kwa sababu yake.

Maxwell naye alikufa baharini Novemba 1991, akiwa safarini kwa mashua yake. Baada ya kifo chake ndipo ikajulikana kwamba mamilioni ya pauni yalikuwa yametolewa kwenye hazina ya pensheni ya wafanyakazi wake. Magazeti alikuwa nayo, tena makubwa. Lakini ni mwandishi gani angemchunguza bosi anayemlipa mshahara?

Hapo ndipo penye uzito. Mwenye gazeti hahitaji kuandika uongo. Inatosha kuna jambo moja ambalo haliandikwi.

Serikali si dawa

Najua kuna msomaji anasema, basi serikali iwanyoroshe. La. Tarehe 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia Standard na KTN usiku, wakachoma magazeti. Tarehe 30 Januari 2018 Citizen, NTV, KTN News na Inooro zilizimwa kwa sababu ya kiapo cha Raila pale Uhuru Park. Na tarehe 25 Juni 2025, vijana wakiwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kupeperusha maandamano moja kwa moja, zilizokaidi zikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia kati.

Tena serikali ina kamba nyingine, isiyopiga kelele: matangazo. Mwaka 2017 ilisitisha matangazo yake kwa magazeti ya kibiashara. Machi 2024 ukatoka waraka kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC. Hiyo ni doo ya ushuru wako. Ikiwa mwenye stesheni anaweza kupata ama kukosa mamilioni kulingana na anavyoandika, leo atakuwa upinzani na kesho utashangaa mbona ameanza kuongea kwa upole.

Bahasha ya huku chini

Juu wanashikana matajiri na vyama. Huku chini kamba ni ya bei nafuu zaidi. Waandishi wengi wa mashinani si waajiriwa, hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Kutoka Malindi mjini hadi Jilore ni nauli, na nauli hiyo mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Sasa mheshimiwa akisema, "Panda gari letu, chakula kipo, na jioni kuna kitu kidogo", unadhani habari itakuwa ya nani? Mkono mtupu haulambwi.

Simlaumu huyo mwandishi peke yake. Lakini angalia matokeo. Mto Sabaki ukifurika, tunaonekana kwa siku mbili tatu. Mwanasiasa akija kuchangisha harambee, tunaonekana tukipiga makofi. Maji yakishapungua na gari la mheshimiwa likiondoka, hakuna anayerudi kuuliza ile ahadi ya barabara, maji ya bomba au dawa za zahanati ilifikia wapi. Ahadi ilitangazwa bure. Kutotimizwa kwake hakuna aliyelipiwa nauli aje kuandika.

Wewe una nini mkononi?

Una zaidi ya unavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na inavitaka vile vya serikali kama KBC na Pwani FM visiegemee upande na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Kifungu cha 92 kinataka kuwe na sheria ya kugawia vyama muda wa hewani kwa usawa. Na chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 kuna Tume ya Malalamishi. Ukichafuliwa jina au habari ikipotoshwa, unaweza kupeleka lalama, na tume ina uwezo wa kuamuru chombo kiombe radhi na kusahihisha. Huhitaji kuwa mheshimiwa.

Kisha kuna kazi ya kila siku. Ukisoma habari ya siasa, jiulize mwenye chombo yuko upande gani. Jiulize nani hakuhojiwa. Itafute habari hiyohiyo mahali pengine kabla hujaituma kwa grupu ya familia. Nami usiniamini tu kwa sababu naandika kwa lugha ya mtaani: hata ukurasa huu unaousoma una mwenyewe. Mpime vilevile.

Tarehe 10 Agosti 2027 tunarudi kwa debe. Kuanzia sasa hadi wakati huo, redio za Jilore hazitanyamaza. Siku nikirudi nyumbani, pale steji mzee akifunga mjadala kwa "Redio imesema", nitamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee", halafu nitamuuliza: redio gani, na ya nani? Akinijibu, mjadala ndio kwanza unaanza.