Masomo ya Imani kwa Simu: Tusisome Kila Mtu Peke Yake



Mama mmoja wa kikundi hapa Kaptagat alinishika mkono baada ya mkutano. "Mwalimu," akasema, "mtoto wangu ameniuliza kwa nini sisi tunaungama kwa padre. Nikamwambia ale ugali anyamaze. Kusema kweli sikuwa na jibu. Mimi nilifundishwa ile ya kubatizwa tu, basi."

Wengi wetu tuko hivyo. Tulifundishwa tukiwa watoto, tukapata Kipaimara, tukafunga daftari. Leo tunajua kupima maziwa, kuchagua mbegu za viazi na kugawana faida ya chama, lakini mafunzo yetu ya imani bado ni ya mtoto wa miaka 12. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo namna kuu ya katekesi, kwa kuwa wao ndio wenye majukumu makubwa.

Lakini nani atufundishe? Padre anasoma Misa kigango hiki, halafu anakimbilia kingine. Katekista ana shamba lake na watoto wa Komunyo ya Kwanza. Ndiyo sababu watu wameanza kuuliza juu ya masomo ya imani kwa njia ya intaneti.

MASOMO HAYA YAKOJE?

Ni kama darasa, ila mwalimu yuko mbali. Kila wiki unapata somo la kusoma au kusikiliza, maswali ya kujibu, na nafasi ya kujadiliana na wenzako kwa maandishi. Kozi nyingine huwakutanisha wote kwa Zoom. Jambo hili si la jana. Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, kimeendesha kozi za namna hii tangu miaka ya 1990, nyingi zikiwa za wiki chache tu, na wanafunzi wa majimbo yanayoshirikiana nacho hulipa karo ndogo. Huku kwetu, makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, jumuiya nyingi zilijifunza kusali na kukutana kwa simu.

Tena tusidhani elimu ya imani ni ya wageni. Chuo cha kichungaji cha AMECEA kilianzia Gaba, Uganda, kikahamia hapa Eldoret mwaka 1976. Mwaka huo huo maaskofu wa AMECEA walikazia jumuiya ndogo ndogo. Kwa hiyo kujifunza tukiwa tumekaa duara nyumbani kwa jirani ni desturi yetu. Simu imekuja ikalikuta duara tayari.

MAHALI NILIPOKOSEA

Niliwahi kujaribu jambo hili katika parokia moja. Niliandikisha watu 14, kila mmoja kwa simu yake. Wiki ya tatu walibaki watano. Nilisema wengine ni wavivu. Nilipowatembelea nikaona ukweli. Mmoja bando lake liliisha kwa video moja. Mwingine ana kabambe tu. Wa tatu, simu ni ya mume, naye anarudi usiku. Waliomaliza ni wale wenye mishahara.

Baya zaidi, hao walioendelea walianza kuongea kama wakubwa, na akina mama wazee wakanyamaza katika jumuiya. Elimu ilitugawa badala ya kutujenga. Kosa halikuwa la simu. Lilikuwa langu, kwa kusahau kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

TUFANYEJE BASI?

1. Simu moja, kikundi kimoja. Watu 8 hadi 12 wakutane kwenye nyumba yenye mtandao mzuri. Spika ndogo itasaidia wote wasikie.

2. Chagueni mwezeshaji. Kazi yake si kuhubiri, ni kuuliza: "Tumesikia nini? Inatuhusu vipi?" Mwingine afasirie wazee kwa lugha ya nyumbani.

3. Pakueni somo mapema. Video hula bando kuliko sauti, na sauti kuliko maandishi. Anayekwenda mjini anaweza kulipakua penye Wi-Fi na kulileta kwa memori kadi.

4. Pesa ziwe wazi. Tuseme bando ni shilingi 100 kwa wiki. Mkiwa watu 10, kila mmoja atatoa shilingi 10. Mweka hazina aandike kitabuni, na zisichanganywe na pesa za mikopo.

5. Akina mama wachague saa. Mtu hawezi kusoma wakati ng'ombe wanangoja kukamuliwa.

6. Kila somo liishe kwa tendo. Mkijifunza juu ya Ekaristi, ulizeni: ni mgonjwa gani tutamtembelea wiki hii?

TAHADHARI

Kabla ya kulipa chochote, mwonyesheni padre kozi yenyewe. Ulizeni: Anayefundisha ni nani? Kanisa limekubali mafundisho yake? Karo ni kiasi gani? Lugha ni gani? Cheti kinakubalika wapi? Cheti cha kozi fupi si diploma, asije mtu akawadanganya. Na yeyote anayeomba namba yenu ya siri ya M-Pesa, huyo si mwalimu, ni mwizi.

Tusimwache katekista nyuma pia. Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Yeye awe wa kwanza kuketi katika duara, maana simu haijui nani amefiwa na nani ana njaa kijijini. Katekista anajua.

Yule mama bado anamdai mwenyewe jibu la mtoto wake. Tusimwache alitafute peke yake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni swali gani la imani ambalo watoto wetu wametuuliza tukashindwa kujibu?
2. Katika kikundi chetu nani hana simu ya intaneti? Tutahakikishaje haachwi nje?
3. Ni nani anaweza kuwa mwezeshaji, na tutaanza siku gani?