Peramiho Haitoshi Bila Mahenge

Anayefika Songea akaulizia abasia ya kutembelea huelekezwa Peramiho, kilomita zipatazo 24 magharibi ya mji, upande wa barabara iendayo Mbinga na Ziwa Nyasa. Wamonaki Wabenedikto kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walianza misheni hapo mwaka 1898, ikawa abasia mwaka 1931. Mgeni huona kanisa kubwa, hospitali ya Mtakatifu Yosefu na karakana, kisha hurudi mjini akisifu. Sifa hizo ni za haki, ila ziara yake ni nusu. Nusu ya pili iko Mahenge, Songea mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji, vita vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani.

Tarehe zenyewe zinashuhudia. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa na wapiganaji wa Majimaji akiwa safarini upande wa Liwale. Vita vilipoingia Ungoni, nchi ya Wangoni inayozunguka Songea, misheni yake ikachomwa moto mwaka huohuo. Februari 27, 1906, Wajerumani wakawanyonga Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, wakawafukia katika kaburi la pamoja, lililopo hapo Mahenge. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa. Kisha ikaja njaa, kwa kuwa jeshi la mkoloni lilikuwa limeteketeza mashamba na maghala. Peramiho tunayoiona leo ilijengwa upya baada ya hayo yote. Ukiliona kanisa bila kujua habari za kaburi, umeona jengo tu.

Wapo watakaosema wamonaki hawakumnyonga mtu, na hospitali yao imeponya wengi. Ni kweli, na kuwatwisha watawa wa leo dhambi za serikali ya Kaiser ni uonevu. Lakini misheni ilikuja chini ya kivuli cha boma la Wajerumani, na waliopigana waliviona viwili hivyo kama kitu kimoja. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha papo hapo Songea. Basi kuyataja hayo Peramiho hakumvunjii mtu heshima. Wengine watadai abasia ni mahali pa kimya. Hata hivyo Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na papo hapo inamkataza mmonaki asiyepangiwa kazi hiyo kupiga soga na wageni. Kwa hiyo mwongozaji mmoja anayeijua historia anatosha kuwasimulia wageni, na sala haziguswi.

Msomaji, ukipanga safari ya Songea, anzia Mahenge asubuhi, Peramiho ifuate mchana.