Usingizi wa Nusukaputi na Mawimbi ya Ubongo

Mgonjwa alazwapo juu ya meza ya upasuaji katika hospitali kama ile ya Ikonda, wilayani Makete, huyakabidhi maisha yake kwa mtaalamu wa dawa za usingizi. Mtaalamu huyo hupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi. Je, vipimo hivyo vyatosha kuthibitisha kuwa fahamu zimetoweka?

La, havitoshi. Katika upasuaji wa tumbo, aghalabu mgonjwa hupewa pia dawa ya kulegeza misuli. Dawa ya usingizi ikipungua, aweza kuzinduka, akasikia maneno na kuhisi kisu, asiweze kuinua kidole wala kutoa sauti.

Hapo hapana budi kuuchunguza ubongo wenyewe. Mwaka 1929 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alitangaza kwamba umeme hafifu wa ubongo huweza kupimwa pasipo kupasua fuvu. Mtu aliye macho huwa na mawimbi madogo ya kasi. Kwa dawa nyingi za usingizi, mawimbi hayo hupungua kasi na kuwa makubwa. Tangu miaka ya 1990 ziko mashine ziyageuzazo kuwa namba, kuanzia 0 hadi 100. 40 hadi 60 huashiria usingizi ufaao.

Hata hivyo, ketamini, itumiwayo sana katika hospitali za vijijini Afrika Mashariki, huzidisha mawimbi ya kasi. Aliyelala fofofo aweza kuonyeshwa kuwa yu macho, naye mtaalamu asiyelijua hilo akaongeza dawa pasipo haja. Mashine humsaidia mtaalamu. Haishiki nafasi yake.