Siku 84 zikiisha: Rudi kazini bila kumwachisha mtoto ziwa wala kugombana na bosi

Katika familia nyingi za Kilimanjaro, mama akijifungua hupandishwa kijijini, au bibi wa mtoto hushuka mjini kumlea mzazi. Kwa miezi karibu mitatu anakula mtori, anakandwa kwa maji ya moto na mtoto hakosi mikono ya kumpokea.

Halafu likizo inaisha. Jumatatu asubuhi mama anatakiwa awe benki, hotelini, dukani au wodini.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kazi hawajaisahau, ila hawajazungumza na bosi, na wenzao kazini, wala na baba wa mtoto. Mama anaona aibu, ananyamaza, matiti yanajaa na kuuma, anajificha chooni kukamua. Baada ya wiki chache maziwa yanapungua na mtoto anaanzishiwa uji mapema.

Ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Siku 84 ni wiki 12 tu, hazifiki hata nusu ya muda huo. Kinachobaki kinategemea utakavyoelewana na watu wa kazini.

Haki yako ni ipi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Taarifa hutolewa kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari.

Ukirudi, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Baba naye ana likizo ya siku tatu zenye malipo, anayotakiwa kuichukua ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Zungumza kabla ya kurudi

Usisubiri asubuhi ya kuripoti. Wiki mbili kabla, omba kuonana na bosi wako, kisha mwachie maandishi mafupi. Unaweza kuandika hivi:

“Shikamoo Meneja. Narudi kazini Jumatatu ijayo. Bado namnyonyesha mtoto, hivyo naomba tupange saa mbili za kunyonyesha kwa mujibu wa sheria. Napendekeza nitoke saa 9 alasiri badala ya saa 11. Kazi za jioni nitazimaliza asubuhi. Naomba maelekezo yako.”

Barua hiyo haigombani na mtu. Inataja haki, inaleta mpango na inamwachia bosi nafasi ya kujibu. Tunza nakala.

Fikiria pia unapoishi. Anayekaa Soweto au Majengo anaweza kwenda nyumbani mchana na kurudi. Anayeteremka kutoka Marangu au Kibosho kwa daladala hawezi, hasa masika barabara zikiharibika. Huyo ni bora aombe kutoka mapema na apatiwe chumba chenye mlango wa kufunga kwa ajili ya kukamua.

Nawa mikono kwanza, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko. Maziwa hukaa hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji. Januari na Februari Moshi mjini joto hupita hapo, kwa hiyo tumia friji au chombo chenye barafu. Nyumbani yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, na mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Wenzako nao

Kuna mtu alibeba kazi zako siku zote hizo. Mshukuru kabla hujamuuliza kwa nini faili halipo mahali pake. Mweleze utatoka saa ngapi, umalize zamu yako ya asubuhi vizuri, na siku mtoto wake akiugua, mshikie nafasi.

Saa mbili hizo ni za mtoto. Ukionekana saluni au sokoni Mbuyuni muda huo, umewapa wasemaji neno, na mama atakayekufuata ataombewa ruhusa kwa shida.

Maneno ya utani kuhusu mwili wako au maziwa yako usiyachekee kama yanakuumiza. Mwambie mhusika faraghani, na akirudia, andikia uongozi.

Bosi akikataa

Muulize sababu kwa upole, kisha peleka ombi kwa ofisi ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Moshi. Usichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60. Sheria haikubali ujauzito kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi.

Nanyi akina baba, mama akiamka mara tatu usiku halafu akasinzia kazini, lawama zinamwangukia yeye. Pokea mtoto alfajiri, osha vikombe, mwache alale hata saa moja. Bosi wake hatajua, lakini ataiona kazi yake.