Stempu ya Senti Moja

Mpenzi msomaji, ukiambiwa kuna kijikaratasi kidogo kuliko kiberiti ambacho bei yake ingejenga maktaba na maabara ya shule hii na chenji ikabaki, utadhani anayekuambia ana homa ya malaria. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Lakini ni kweli tupu, na kwa vile wenzangu chamani wamezoea kuniita "mwokota bahasha", nimeona heri nieleze jambo hili kwa kalamu.

Hapo zamani, huko Marekani, barua nyingi zililipiwa na mpokeaji. Mpokeaji akikataa kulipa, posta imebeba mzigo bure. Waingereza ndio waliotangulia kutoa stempu ya kubandika, mwaka wa 1840. Wamarekani walikawia. Kuanzia 1845, wakuu wa posta wa miji kadha walijichapishia stempu zao wenyewe, kila mtu na mtindo wake. Kisha tarehe 1 Julai 1847 serikali ikatoa stempu mbili za nchi nzima: ya senti 5 yenye sura ya Benjamin Franklin, na ya senti 10 yenye sura ya George Washington. Barua nyepesi isiyozidi maili 300 ililipiwa senti 5, ikipita hapo senti 10. Maili 300 ni kama kutoka Mombasa hadi Nairobi. Yaani ingekuwa huku kwetu, barua ya Nairobi ni senti 5, lakini shangazi yako akiwa Nakuru, jitayarishe kutoa 10!

Stempu hizo za kwanza hazikuwa na meno pembeni kama tunavyozijua. Zilikuja karatasi nzima na karani akazikata kwa makasi. Karani mwenye haraka alikata hadi ndani ya picha, na ndiyo maana leo mtu akiuziwa stempu ya 1847 jambo la kwanza analotazama ni kando zake nne: je, mstari wa picha umeguswa? Ikiwa kando zote ziko salama, bei inapanda. Ikiwa imeguswa hata upande mmoja, inashuka. Meno yalianza kutumika mwaka wa 1857.

Kuna waliokosa stempu ya senti 5 wakaikata ile ya 10 katikati na kubandika nusu. Posta nyingi zilikubali tu. La kuchekesha ni kwamba leo hiyo nusu, ikiwa bado imeganda kwenye barua yake, ni ghali kuliko stempu nzima iliyotumika. Lakini ukiibandua, basi kwisha, kwa sababu hakuna atakayeamini kwamba hukuikata wewe mwenyewe jana jioni. Msomaji, likumbuke neno hili, nitalirudia.

Mwaka wa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, posta za majimbo ya Kusini yaliyojitenga zilikuwa bado na akiba ya stempu za serikali. Huko Washington wakaogopa kwamba zitauzwa ili zipatikane pesa za vita. Wakachapisha stempu mpya, na zile za zamani zikatangazwa kuwa si kitu. Hebu fikiria mtu aliyekuwa amejiwekea kabati zima!

Sasa nije kwa ile ya mamilioni. Palikuwa na watu wajanja (wajanja hawakuanza leo) waliosafisha muhuri kwenye stempu iliyotumika, kisha wakaitumia tena. Ili kuwakomesha, kuanzia 1867 stempu zilipitishwa kwenye mashine iliyozigandamiza vijishimo vidogo vidogo vilivyopangana kama vya mkate wa wafa. Nyuzi za karatasi zilivunjika, wino wa muhuri ukazama ndani, na haukuosheka tena. Mashine hiyo ilijaribiwa kwa vipimo mbalimbali, na wakusanyaji wa baadaye wakavipa vipimo hivyo herufi. Kipimo walichokiita Z ni cha milimita 11 kwa 14, na mistari ya vijishimo vyake imelala badala ya kusimama. Stempu ya buluu ya senti 1 yenye sura ya Franklin na alama ya Z, ya mwaka wa 1868, zinajulikana mbili tu duniani. Moja ni mali ya maktaba kuu ya umma ya New York, kwa hivyo haiuzwi. Nyingine iliuzwa mwaka wa 1998 kwa dola 935,000. Mwaka wa 2005 mwenye nayo aliibadilisha kwa stempu nne za 1918 zilizoshikana, zile zenye ndege iliyochapishwa miguu juu. Mwaka wa 2024 ikapigwa mnada huko New York kwa zaidi ya dola milioni 4, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni mia tano za Kenya.

Na stempu yenye sura hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, lakini isiyo na vijishimo? Ikiwa imetumika, haifiki hata dola mia. Tofauti yote iko kwenye mikwaruzo ambayo huwezi kuiona vizuri bila kuigeuza kwenye mwanga. Ndiyo maana walaghai nao hawalali. Wapo wanaogandamiza vijishimo bandia, wanaotoboa meno upya na wanaopaka gundi mpya nyuma. Serikali yenyewe iliwachanganya watu: mwaka wa 1875 ilichapisha upya zile mbili za 1847 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876. Hizo hazikuruhusiwa kutumiwa kwenye barua na hazikuwa na gundi. Kwa hivyo usikimbilie kulipa.

Lakini stempu inayonigusa mimi si ile ya Z. Mwaka wa 1847, kijana mmoja wa mji wa Alexandria, Virginia, alimwandikia barua binamu yake aliyempenda. Jamaa zao hawakuutaka uhusiano huo, kwa hivyo alimwomba aichome barua hiyo. Msichana hakuichoma. Baadaye walioana, barua ikakaa siri kwenye sanduku lake la vifaa vya kushonea, na binti yao akaiona mwaka wa 1907. Juu ya bahasha palikuwa na stempu ya mviringo ya mkuu wa posta wa mji huo, kwenye karatasi ya buluu, na hakuna nyingine ya buluu inayojulikana. Mwaka wa 2019 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, ikiwa bado kwenye bahasha yake.

Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Kwa sababu mimi nilikuwa nimechoma, na hakuna aliyenituma.

Nilipokuwa darasa la saba niliukuta mkebe wa babu umejaa bahasha alizoletewa na ndugu yake aliyefanya kazi Kampala. Stempu zake ziliandikwa majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Niliziloweka kwenye beseni, nikazibandua, na ati ili zipendeze, nikazipunguza meno kwa makasi. Bahasha nikawashia jiko. Kumbe stempu zile zilitumika katika nchi zote tatu, na muhuri kamili pamoja na bahasha ndivyo vinavyoonyesha barua ilitoka posta gani na ilielekea wapi. Nilibaki na vijipande vya rangi visivyosema lolote.

Nilimwendea babu kumwonyesha daftari langu, nikidhani atanisifu. Alilipindua taratibu, kisha akauliza, "Na bahasha ziko wapi, mjukuu wangu?" Nikamwambia. Alinyamaza kitambo. Barua zenyewe zilikuwa zimeshaliwa na mchwa zamani, na ndugu yake alikwisha fariki. "Mwandiko wake ulikuwa hapo juu," akasema, akanirudishia daftari. Hajalitaja tena hadi leo.

Bahasha mbili zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimenasa chini ya mkebe. Sizibandui, sizikati, na nazishika kwa kibanio. Bei yake huenda haifiki ya soda. Anayetaka kuziona anitafute siku ya mkutano wa chama, nitakuja nazo, lakini tafadhali awe amenawa mikono.