Nguba inanunua mbao mbichi

Nguba ni mtaa wa matofali na mawe. Ukipanda kutoka mpaka wa Rusizi ya kwanza kuelekea katikati ya Bukavu, unapita nyumba za wakati wa Wabelgiji na magorofa mapya yaliyobanana hadi ukingoni mwa ziwa Kivu. Lakini ingia ndani ya parsele: jiko la nje, chumba cha mlinzi, kaduka ka barabarani, nyumba ndogo ya kupangisha, vyote vimepigiliwa mbao na kuezekwa manjanja. Ubao ni ukuta wa asiye na pesa za matofali. Ni ukuta wa mwenye pesa pia, akitaka chumba kiishe haraka.

Wateja hawakosekani. Shida ni kwamba karibu kila ubao unauzwa mbichi.

Mbao za kuta ni za miti ya kupandwa: mikaratusi zaidi, kisha sipresi na grevilea, kutoka Kabare na Walungu. Mbao ngumu za msituni, kama libuyu kutoka Mwenga na Shabunda, huenda kwenye milango, vitanda na masoko ya ng'ambo ya mpaka. Mkaratusi unaangushwa, unapasuliwa palepale, unabebwa kichwani hadi barabarani, unapakiwa kwenye lori na kulipiwa njiani. Kila anayeupokea ametumia pesa ya kuzungusha: amekopa kwa ndugu au amengoja zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana. Benki hazikuwa tegemeo lake hata zamani, na zilifunga milango waasi wa M23 walipouteka mji Februari 2025. Kuweka mbao chini ya paa miezi kadhaa ni kulaza mtaji, kwa hiyo anauza wiki hiyohiyo.

Hasara humwangukia mwenye ukuta. Mkaratusi mbichi ukipigiliwa huanza kukaukia ukutani: ncha zinapasuka, ubao unajipinda na kung'oa msumari. Ikifika Julai mwanga unapita kati ya ubao na ubao, na familia inaziba kwa makaratasi na vipande vya nailoni. Mvua za Septemba zikirudi, maji yanayoruka kutoka chini yanalowesha ubao wa mwisho, ule unaogusa udongo, nao ndio unaooza kwanza. Dawa ya wengi ni mafuta machafu ya injini. Yanapunguza mchwa kiasi, lakini yananuka, yanachafua udongo, na ni chakula cha moto.

Ukuta wa mbao si lazima uwe hivyo. Magharibi mwa Kanada na Marekani nyumba nyingi zimevikwa vigae vya mwerezi mwekundu, vipande vifupi vinavyopandana kama magamba ya samaki. Kigae kilichochanwa kwa kufuata nyuzi za mti humwaga maji vizuri kuliko kilichokatwa kwa msumeno. Kwenye nyanda za juu za Kenya mtarakwa ulifanya kazi hiyohiyo, na nguzo zake husimama ardhini miaka mingi. Miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja na sipresi inayoota Kabare. Sipresi haina nguvu zote za ndugu zake dhidi ya kuoza, lakini kiini chake ni bora kuliko mkaratusi mbichi. Tena kipande kifupi hukauka mapema na hakijipindi sana, kwa hiyo masalio yanayouzwa leo kama kuni yangekuwa bidhaa. Fundi anahitaji panga zito, nyundo na vipimo: kila safu ifunike zaidi ya nusu ya safu ya chini yake, ya mwisho ikae juu ya msingi wa mawe, hewa ipite nyuma.

Uzito nao una maana hapa. Tetemeko la 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa karibu 6, liliangusha kuta za matofali pande zote mbili za mto Rusizi. Ukuta mwepesi huyumba bila kumzika aliyelala, na hauelemei mlima unaoporomoka kila masika.

Lakini nisingependekeza vigae vya mbao kwenye mitaa ya Nkafu wala Nyamugo, ambako kuta zinagusana na moto umeshakula nyumba nyingi kwa usiku mmoja. Pale pesa ya kwanza iende kwenye nafasi kati ya nyumba na nyumba, na kwenye njia ya maji. Mahali pa kuanzia ni parsele za Nguba zenye uwanja, kwa wamiliki wanaoweza kulipa mapema. Mwenye parsele akiagiza sipresi Mei na kuacha malipo ya awali, muuzaji wa Kabare anaweza kuipanga chini ya paa kiangazi chote, vijiti kati ya safu, bila kukopa. Hizo ndizo mbao za kupigilia Septemba.